Akina Mwanaidi Wawili wa Tongoni

Siku yangu ya kwanza kazini, Msimamizi wa Seva alinipa sweta kabla ya kunipa kiti. Chumba kile cha seva, mtaani Usagara, kilipigwa kiyoyozi usiku na mchana ili mashine zisichemke. Sisi binadamu tukohoe tu. Tulitunza rekodi za wagonjwa wa vituo vya afya vya pwani yetu. Kazi yangu, hadi nastaafu juzijuzi, ilikuwa kulinganisha hesabu: rekodi zilizotumwa na vituo ziwe sawa na zilizomo kwenye diski. Zikipishana, nisitulie mpaka nijue sababu.

Diski zilijaa upesi kuliko bajeti. Akaletwa Mkuu wa Kitengo mpya, kijana mwenye haraka zake, akaagiza programu ya kuunganisha rekodi pacha, yaani za mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili. Ikikuta jina la kwanza, la ukoo, kijiji na tarehe ya kuzaliwa vimefanana, inabakiza rekodi iliyoandikwa mwisho na kufuta nyingine.

Mwisho wa mwezi hesabu ilikuwa imeporomoka. Nikamfuata.

"Mkuu, zilizopungua ni nyingi mno kuwa pacha."

"Mama, si wewe uliyelalamika diski zimejaa? Nafasi hiyo hapo. Mbona hushukuru?"

Nilikasirika, sifichi. Nikaanza kuchambua rekodi za kijiji cha Tongoni. Huku kwetu ndugu wa tumbo moja kila mmoja humpa bintiye jina la bibi. Linalowatofautisha ni jina la katikati, la baba, na hilo programu haikulisoma. Tena mzazi asipokumbuka tarehe, karani humwekea mtoto Januari mosi. Basi Mwanaidi wawili, watoto wa ndugu, wa mwaka mmoja, wakawa mtu mmoja. Mmoja alishafariki kwa homa. Mwenzake alikuwa mgonjwa wa kisukari, anaishi kwa sindano za kituo. Iliyobaki ilikuwa rekodi ya marehemu, maana ndiyo iliyofunguliwa mwisho.

Nikataka turudishe bakapu, ile nakala ya akiba. Mkuu akainama.

"Niliifuta, mama. Ilikula nafasi."

Nikapiga simu kituoni. Mganga wa zamu akajibu, "Binti twamjua. Kaja, karudi tena. Lakini mfumo wasema kafa, na dawa haitoki bila mfumo. Tumemwambia awasubiri nyie."

Nikachukua gari la ofisi mbio mpaka kwao. Mama yake alikuwa mkekani na wanawake wenzake. Aliniamkia shikamoo kwa adabu. Nikamweleza nimekuja kusahihisha rekodi ya Mwanaidi, iseme yu hai.

"Iache vivyo hivyo, dada," akasema. "Tumemzika jana. Sasa ndo imekuwa sahihi."

Nyinyi mnaoingia kazini leo, programu mtakayoikuta inasoma jina la baba. Mkuu yule alihamishwa, akapanda cheo. Mimi nakaa Chumbageni na hasira zangu, na sioni haja ya kuzitibu. Nilipotoka Tongoni sikuiacha rekodi ile vile. Nilimfungulia Mwanaidi rekodi yake mwenyewe, yenye jina la baba yake, nikaandika amefariki. Mashine ikauliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo, nikalia.