Kompyuta Iliyokaribisha Kila Mtu

Mama Karatasi hakuzaliwa na jina hilo, lakini ukimtafuta mtaani kwa jina jingine, hata mumewe atakuuliza unamtaka nani. Duka lake la kuchapa na kutoa kopi lilikuwa chumba kimoja kati ya saluni na duka la vioo. Alikuwa na kompyuta, printa mbili, moja nzima na nyingine ya kuwekea kikombe cha chai, na benchi la wateja. Mdomo wake haukuwa na likizo. Ungeingia kuchapa barua ya kuomba kazi, ukatoka na barua yako pamoja na ushauri wa ndoa ambao hukuuomba.

Alichojivunia zaidi ni ukarimu wa kompyuta yake. Ukichomeka flashi tu, kilichomo kilijiwasha chenyewe: nyimbo zikaimba, picha zikajipanga, programu zikaanza kazi bila mtu kugusa kitu. Fundi wa kompyuta, jirani mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa amemwonya mpaka akachoka.

"Mama, huko kujiwasha kuzime. Flashi zinatoka mifukoni mwa watu, hujui zimelala wapi. Siku moja itajiwasha programu mbaya."

"Fundi, mgeni akija kwangu simuulizi amebeba nini. Namkaribisha, anakaa."

"Na akiwa mwizi?"

"Atakuwa mwizi aliyekunywa chai."

Fundi alicheka, akaenda zake. Sikio la kufa halisikii dawa.

Siku ya siku ikafika. Asubuhi aliingia mteja mwenye haraka, akachapa tangazo la kuuza kochi, akachomoa flashi yake na kuondoka. Kompyuta ikaanza kujivuta, lakini Mama Karatasi hakujali. Hata yeye asubuhi huwa hivyo. Baadaye akaja wifi yake, dada wa mumewe, mwalimu wa chekechea, mwanamke wa maneno machache. Alikuwa na flashi ndogo aliyoifunga kwenye leso. Ndani yake mlikuwa na sauti ya marehemu mama yao, akisimulia mambo ya ujana wake na kucheka. Simu iliyomrekodi ilishaharibika, na hapakuwa na sauti yake nyingine popote. Jumamosi ndugu wote wangekutana, na wifi alitaka kila mmoja apate nakala.

"Taratibu nayo, wifi," alisema.

"Wifi, si ndiyo kazi yangu hii?"

Akachomeka. Kidirisha cheusi kikatokea kwenye kioo na kutoweka. Walipotazama ndani ya flashi, sauti haikuwepo. Palibaki kialama kimoja tu, chenye jina lisilosomeka.

Wifi hakupiga kelele. Heri angepiga. Alikaa kwenye benchi, akaikunja leso, akaikunjua, akaikunja tena.

"Umenipotezea mama mara ya pili," alisema, akatoka bila hata flashi yake.

Mama Karatasi aliumia mpaka akanyamaza, na wa saluni wakaja kuchungulia kama yuko hai. Kisha akafanya kosa ambalo lingefanywa na mtu mwenye majirani wema tu. Alidhani mashine yake imegoma, na kwamba kwenye mashine nyingine sauti ingeonekana. Akaichukua flashi akaanza kupita nayo mlango kwa mlango kama anayeomba chumvi. Kwa mpiga picha, patupu. Kwa karani wa zahanati, patupu. Kwa muuza vioo, ambaye kompyuta yake ilikuwa ya kuchezea karata, patupu vilevile. Kote alipokewa kwa moyo mmoja, na kote ile programu ikajiwasha. Kufikia alasiri mtaa mzima ulikuwa unaumwa. Mpiga picha hakuona hata harusi moja kati ya zote alizopiga, na muuza vioo alilalamika kwamba hata karata zimemkimbia.

Fundi alipoitwa hakusema "nilikwambia", ingawa miwani yake ilisema.

"Mama, vitu havijafutwa. Hii programu inavificha tu, halafu inarukia kila flashi na kila mashine inayoikuta. Vitarudi. Lakini kwanza tuzime huko kujiwasha, la sivyo tunatwanga maji kwenye kinu."

Safari hii Mama Karatasi hakubisha. Fundi alimfungulia mipangilio, akamwonyesha mahali penyewe, akamwachia azime kwa mkono wake. Mashine ikasafishwa, flashi ikasafishwa. Kisha wakaizunguka tena milango ileile, yeye akitangulia na samahani, fundi akifuata na dawa. Mpiga picha alikuwa amenuna, ila maharusi wake waliporudi akanunua soda za watu wote.

Ijumaa Mama Karatasi akamfuata wifi yake shuleni. Fundi alishamhakikishia kwamba sauti ipo, lakini yeye mwenyewe hakuthubutu kuisikiliza peke yake. Walipofika dukani akachomeka flashi. Kimya. Hakuna kilichofunguka.

"Imekufa," wifi alinong'ona.

"Haijafa. Siku hizi haiwashi kitu mpaka mtu aamue." Akamsogezea kipanya. "Bonyeza wewe. Mimi nimeshaharibu vya kutosha."

Wifi akakirudisha kipanya. "Bonyeza wewe, wifi."

Akabonyeza. Chumba kikajaa kicheko cha mama mkwe, yule aliyemkosoa upishi wake, ufagiaji wake na hata namna yake ya kufunga mlango. Alisimulia viatu vya harusi yake vilivyombana mpaka akaolewa pekupeku. Kisha sauti ikashuka.

"Huyu mke wa mwanangu, mdomo wake ungeweza kusaga mahindi. Lakini nikiita, hata kwa kunong'ona, yeye ndiye anafika wa kwanza. Namshukuru Mungu kwa huyu. Ila msije mkamwambia, atavimba kichwa."

Mama Karatasi aligeuka polepole. "Wifi. Ulikuwa unajua?"

"Miaka yote."

"Na hukuniambia?"

"Si umesikia mwenyewe? Alikataza."