Benchi la Nyuma la Bibi Yuster

Bibi yangu Yuster wa Lupaso amezeekea benchi la nyuma kanisani. Sheria ya parokia ilikuwa hiyo tangu enzi za wamisionari: mwanamke aliyeolewa na Mwislamu hukaa nyuma, wala hapokei komunyo. Na huyo Mwislamu, babu yangu Sultani, ndiye anayempeleka misa kwa baiskeli kila Jumapili, kisha anamngoja nje!

Mwaka huu padri mpya alimwita mbele. "Bibi, tubu tu kwamba ulikosea kuolewa, nikupe komunyo."

Bibi akajifunga kanga vizuri. "Padri, dhambi ninazo, tena nyingi. Sultani hayumo."

Akarudi kwenye benchi lake. Jumapili iliyofuata, padri alikuta mabenchi ya mbele, tuliyozoea kukaa sisi, matupu. Ukoo mzima tulikuwa tumebanana nyuma, na Bibi katikati.