Kicheko Kwenye Spika

Fundi wa spika alikuwa mtu wa watu. Harusi, misiba, mikutano, kote aliitwa yeye, na mitambo yake haikuwahi kukoroma. Chama kipya kilipomkodi kwa mkutano wa uwanja wa jirani, alikubali bila kuuliza. Siasa, alisema, si kazi yake.

Mkewe aliingiwa na hofu. Wazazi wake walikuwa wahamiaji, na chama hicho kiliahidi kuwarudisha "kwao" watu kama yeye, aliyezaliwa mtaa huohuo na kwingine hakujui. Alitaka jambo moja tu: kujua kwamba mambo yakiharibika, mumewe atakuwa upande wake.

"Usiwe na wasiwasi, mama watoto," fundi alimwambia. "Hawa si kama wale wa zamani. Wale walivaa sare, wakapiga watu barabarani. Mgombea wao huyu anavaa sweta, na mizaha ndiyo usiseme!"

Mama yake fundi, aliyekuwa akikunja nguo, aliguna. Enzi za wale wa zamani alikuwa msichana, na hakuwahi kuficha kwamba aliwashangilia.

"Kiongozi wa kwetu naye alikuwa na mizaha. Unadhani tulipelekwa mikutanoni kwa viboko? Tulikwenda wenyewe, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Sare zilikuja baadaye. Majirani wakachukuliwa baadaye."

"Lakini mama, siku hizi watu wanapiga kura."

"Na sisi tulipiga, mwanangu."

Fundi akaona anatiwa nuksi bure, akabeba nyaya zake akaenda.

Uwanja ulifurika. Mgombea akamtania meya, akawatania polisi, kisha akaigiza mama wa kihamiaji kwenye foleni ya hospitali, mtoto mgongoni, mwingine akimvuta sketi. Tuseme ukweli, jamaa alijua kuigiza. Watu wakaangua kicheko, na fundi naye, mkono kwenye mitambo, akacheka. Alikuwa amesahau kuzima maikrofoni yake ya majaribio. Kicheko chake kikatoka kwenye spika zote, kikaenea mtaa mzima, hadi nyumbani kwake. Akaizima haraka, akijilaani kwa kosa la kitoto kama lile. Aibu aliyoiona ilikuwa ya kifundi tu, Mungu amsamehe.

Jioni alikuta mlango umefungwa kwa ndani. Akabisha.

"Fungua, ni mimi."

Alisikia watoto wakinyamazishwa. Kisha sauti ya mkewe, karibu kabisa na mlango:

"Umekuja na nani?"