Nilimshonea Sultani wa Kilwa nguo ya kihistoria, akina mama wakaanza kulia

Wakuu, mlionizidi umri shikamooni, na nyie wengine mambo vipi.

Mimi ni fundi cherehani hapa Kilwa Masoko. Ninachoandika kimenikuta mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Atakayesema hii ni chai, karibu dukani kwangu nimpe na sukari.

Kwa ufupi, kiburi changu cha kujifanya mtaalamu wa mavazi ya kale nusura kinipotezee jina la ufundi. Hilo lingepita. Kubwa ni kwamba nilimharibia bibi wa watu kitu ambacho macho yake hayawezi tena kukitengeneza upya.

Nianze mwanzo.

Kwanza mjue mimi si mtu wa pwani. Kwetu Likawage, huko ndani, wazee wangu wanalima ufuta na Jumapili wanaenda misa. Masoko nimekuja na cherehani moja ya miguu na mdomo mwingi. Kazi yangu kubwa ni sare za shule, kupunguza suruali za mitumba na kubadilisha zipu. Kama kuna fundi humu anajua uchungu wa kubadilisha zipu siku nzima, basi ananielewa kwa nini nilitamani kitu kikubwa.

Kitu kikubwa kikaja. Mwalimu Zuhura, anafundisha historia hapa sekondari, alikuwa anaandaa igizo la siku ya utamaduni. Sultani wa Kilwa anapokea mgeni aliyetoka mbali, anamvua joho lake mwenyewe na kumvika mgeni kama heshima, ngoma zinapigwa, watu wanakula pilau. Akaniomba nishone nguo za sultani.

"Fundi, nataka kitu cha kweli," akaniambia. "Mwaka jana sultani alivaa kanzu ya dukani, lebo inaonekana shingoni. Wageni wakacheka."

Wakuu, hapo ndipo nilipopandwa na mashetani ya research.

Nikaacha sare za watu. Nikaangalia video mtandaoni mpaka bando likaisha, nikanunua lingine, nalo likaisha. Nikaenda kwenye magofu ya majumba ya masultani kupima upana wa milango ili nijue sultani alikuwa mnene kiasi gani. Msicheke. Nikanunua daftari nikaandika juu yake kwa herufi kubwa, UTAFITI. Mteja akija kuulizia sketi ya mwanawe, namwambia asubiri, niko karne ya kumi na nne.

Tatizo, kila ninayemuuliza masultani walishonaje, ananijibu, "Kama sasa tu." Fundi mwenzangu wa mtaa wa pili akaniambia nipige kanzu ya kawaida, niweke tarizi shingoni, nichukue changu. Nikamdharau. Moyoni nikasema huyu hana jicho la historia.

Baadaye mtu akanielekeza kwa Bi Somoe, kule Songo Mnara. Bibi mzee sana, enzi zake alikuwa anashona kwa mkono kisiwa kizima, na ana sanduku la nguo za mababu.

Nikapanda boti ya mashine. Nikatapika mara mbili, mara ya pili ikiwa tumeshatia nanga. Ndiyo faida ya kuwa mtu wa Likawage.

Bi Somoe akanipokea vizuri. Shikamoo, marahaba, habari za Masoko, habari za wazee wako, kunywa maji kwanza. Kisha akaniuliza shida yangu. Nikamhutubia nusu saa juu ya ushonaji wa kale. Yeye! Aliyeshona tangu baba yangu hajazaliwa! Akawa ananitazama tu huku anatafuna tambuu.

Akafungua sanduku. Joho la babu yake lilikuwepo, ila mende walishalifanyia utafiti kabla yangu. Nikachora mkato wake, basi.

Halafu chini kabisa, imekunjwa ndani ya kanga safi, nikaiona kanzu nyeupe.

Haina mikono. Haina kola. Kitambaa hakikukatwa kwa mkasi, kimechanwa kwa mkono, nyuzi za pindo zinaning'inia. Mshono wa ubavuni ni wa mkono, hatua ndefu ndefu, na popote nilipotazama sikuona fundo hata moja.

Wakuu! Nikajua nimeupata ushonaji wa kabla ya mkasi!

"Bibi, na hii je?"

Akaifunika kwa ile kanga. "Hiyo iache, mjukuu wangu. Si nguo ya kuvaa ovyo, hiyo. Ni yangu, inangoja siku yake."

Mtu mwenye akili angeuliza siku gani. Mimi nikaandika kwenye daftari: VAZI LA HESHIMA, HUVALIWA KWA NADRA.

Nikambembeleza niiangalie tu. Akaniambia ninawe mikono. Nikanawa. Ikaingia adhuhuri, akaenda kuswali, akaniacha nayo.

Hapa ndipo pa aibu, na nimejilazimisha kupaandika. Nilitaka kuona mshono ulivyo kwa ndani. Nikatoa wembe, nikafumua urefu wa shubiri moja ubavuni. Nikapiga picha, nikachora. Kisha nikairudishia kwa mkono wangu, hatua ndogo ndogo za kukaza, nikamalizia kwa mafundo mawili na kukata uzi kwa meno. Nikaikunja kama ilivyokuwa.

Sikumwambia. Nilijiona nimemfanyia hisani, kwamba nimemwimarishia.

Nikarudi Masoko kifua mbele. Dukani nikaomba kitambaa cha bafta nyeupe, na nikamsisitiza muuzaji asikate kwa mkasi, achane kwa mkono. Akanitazama kwa huruma. "Pole sana, fundi."

Nikamjibu, "Asante, kazi ndivyo zilivyo."

Najua nyie mmeshaelewa, na kuna mtu hapo chini ameshaanza kuandika maoni bila kumaliza kusoma. Mimi sikuelewa.

Sultani wetu alikuwa Mzee Selemani, muuza papa mkavu, mtu wa kitambi na sauti. Wiki chache nyuma alikuwa amelazwa kwa presha, akatoka, na tangu hapo ukimtajia habari za kifo anahama kibaraza. Alipojaribu nguo akauliza, "Fundi, mikono iko wapi?"

"Mzee, enzi zile mikono ilikuwa bado haijaanza."

"Na hizi nyuzi zinazoning'inia?"

"Ndiyo original yenyewe hiyo."

Akaridhika. Nikamvika joho juu, kilemba cheupe kichwani, akajitazama kwenye kioo akaanza kunipa amri palepale.

Mtaniuliza, Mzee Selemani ni mswalihina, iweje asijue? Nami nilijiuliza hivyo baadaye. Nikaja kuelezwa kwamba huku mwanamume huzikwa kwa shuka tatu tu. Ile kanzu ni ya wanawake. Hushonwa na wanawake, huvishwa na wanawake, wanaume wanakuja kuchukua jeneza likiwa limeshafunikwa. Kwa hiyo mimi wa Likawage na yeye wa Masoko tulikuwa sawasawa, wajinga wawili mbele ya kioo.

Siku ikafika. Uwanja umejaa. Nilimtumia Bi Somoe nauli aje, nikamwekea kiti cha mbele upande wa akina mama, jirani na Bi Fatu, mke wa Mzee Selemani. Bi Fatu huyo, nawaomba mlishike hili, ndiye mwosha maiti wa mtaa wetu.

Sultani akaingia. Vigelegele! Joho linaburuzwa, ngoma zinalia, Mwalimu Zuhura ananinyooshea dole gumba. Nikajiona nimeshahama kwenye zipu milele.

Mgeni akapiga magoti. Sultani akasema, "Pokea vazi langu," akavua joho.

Akabaki na kazi yangu.

Vigelegele vikakatika upande wa akina mama. Vikakatika kwa pamoja, kama mtu amezima redio. Wanaume bado wanapiga makofi, hawana habari. Kisha Bi Fatu akasimama, mikono kichwani.

"Yarabi! Nani kamvika mume wangu sanda?"

Akina mama wawili watatu wakaanza kulia, maana si wote waliokuwa wanajua kama lile ni igizo au mzee ameshatangulia. Wazee nao wakadakia, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Mpiga ngoma mmoja akaacha kupiga, mwingine akaendelea peke yake, masikini.

Bi Fatu hakuwa amemaliza. "Tena sanda ya kike!"

Mzee Selemani alikuwa ameinua mkono wa kifalme. Ukabaki hewani. Akajitazama kifuani. Akajitazama ubavuni. Sijawahi kuona mtu ana haraka ya kuvua nguo namna ile, akavuta mara moja tu na mshono wote ukaachia pande zote mbili, maana mshono ule umetengenezewa mtu asiyetembea. Sultani wa Kilwa akasimama mbele ya umati na msuli wa kulalia na kilemba, anajipima mapigo ya moyo shingoni.

Mgeni aliyetoka mbali akamrudishia joho bila kuambiwa.

Niliogopa, wakuu. Nilifikiri mzee ataanguka pale na mimi nitakuwa nimemuua kwa cherehani. Bahati nzuri hasira ilimzidi hofu, akaanza kunitafuta. Nikakimbilia kwa mtu pekee niliyeona hatanipiga.

Bi Somoe alikuwa anacheka. Anacheka mpaka anajifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Bibi, nimekwisha. Nilitaka avae kama masultani."

"Mbona umepatia, mjukuu wangu? Sanda masultani walivaa. Kila mmoja, mara moja."

Akacheka tena. Kisha kicheko kikaisha taratibu, akapapasa mshono wa ile nguo iliyokuwa imerushwa mpaka miguuni pake, akanikazia macho yake yenye ukungu.

"Ule mshono umeupatia mpaka kwa ndani. Kwa ndani uliuonaje?"

Ningeweza kudanganya. Mdomo wangu si mnaujua sasa. Lakini nilimwona yule bibi ananisubiri, nikashindwa.

"Nilifumua, bibi. Ulipokwenda kuswali. Nikarudishia."

"Ukamalizia na fundo?"

"Mawili."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Vidole vyake vikawa vinasuguana kama mtu anayetafuta uzi. Halafu akaniambia polepole kwamba ile kanzu aliishona mwenyewe mwaka aliofiwa na mumewe, wakati bado anaona tundu la sindano, kwa sababu hakutaka kuja kushonewa na watu wenye haraka. Na kwamba maiti hafungwi fundo. Hata zile kamba wanazomfungia njiani hufunguliwa akishafika kaburini.

"Sasa mimi wewe umenifunga," akasema.

Jamani. Nimewahi kutukanwa na wateja, nimewahi kutishiwa polisi kwa ajili ya suti ya harusi. Hakuna lililoniuma kama hilo. Nilitokwa na machozi pale kwenye viti vya mbele, watu wakadhani nalilia igizo.

Kesho yake nikapanda naye boti kurudi Songo Mnara. Safari hii sikutapika, nilikuwa na mawazo mengi kuliko tumbo.

Akanitolea sanduku. Nikamwambia, bibi, labda tumtafute Mwislamu aishone, mimi Mkatoliki. Akanitazama kama aliyesikia upuuzi. "Ulipofumua ulikuwa nani? Shika sindano."

Nikafungua mafundo yangu mawili. Nawaambia ukweli, fundo la kukaza kwa meno ukilifungua kwa ncha ya sindano, bila kugusa uzi wa mwenzako pembeni, utajua kama wewe ni fundi au ni mtu mwenye cherehani. Ilinichukua asubuhi nzima. Kisha nikashona hatua ndefu, moja moja, yeye anapitisha kidole nyuma yangu. Nikikaza ananigonga mkono. "Legeza. Unamshonea mtu anayekwenda kupumzika."

Nilipofika mwisho nikauacha uzi wazi, unaning'inia. Mkono ulikuwa unataka kufunga wenyewe, nikauzuia.

Akapapasa ubavu wote, juu mpaka chini, akatafuta alama yangu akaikosa. Akaikunja mwenyewe.

Basi, wakuu. Mzee Selemani alinisamehe baada ya mwezi, kwa sharti nimshonee kanzu mpya yenye mikono mirefu kupita kiasi. Igizo la mwaka huu kazi amepewa yule fundi wa mtaa wa pili. Daftari la UTAFITI sasa naandikia vipimo vya sare.

Nilichojifunza ni kidogo tu: kabla hujafumua nguo ya mtu, muulize mwenyewe anaivaa lini. Na umsubiri amalize kujibu.

Bi Somoe yupo, anadunda. Ijumaa huwa nampigia simu kumjulia hali, na huwa simalizi bila kumuuliza, "Bibi, ile nguo vipi?"

Ananijibu, "Haijanienea bado."

Karibuni na maoni, matusi ya wastani nayapokea. Ila wale wa pwani mliojua tangu kwenye bafta, mje na maelezo: siku ile mlikuwa wapi msiniambie?