Mkono wa Chuma

Shemeji yangu, fundi umeme, alikuwa na testa mbili mfukoni na hakutumia hata moja. Testa, alisema, ni za wanagenzi. Fundi wa kweli anaupima umeme kwa kidole. Mtaa mzima ukamwita Mkono wa Chuma, nalo jina likamkaa vizuri, hasa akiwa na chai yake ya vijiko sita vya sukari.

Zamani akigusa waya aliruka na kutukana. Miaka miwili hii akawa hashtuki tena. Mwenye akili angejiuliza kulikoni. Yeye akavimba kichwa. "Umeme umeshanizoea," alituambia, amesimama juu ya stuli na kandambili zake za mpira. "Unaniheshimu." Nasi kwa ujinga wetu tukampigia makofi. Mimi nilipiga kuliko wote.

Jumamosi alifungua soketi ya jikoni kwake. Akagusa waya, akatulia, akatangaza, "Hakuna moto hapa. Futa tu, mama watoto."

Dada yangu, mkewe, akapeleka kitambaa chenye maji. Alirushwa mpaka kwenye kabati la vyombo. Alipona, Mungu ni mwema, ila mkono uliungua, nami nikamwambia shemeji maneno ambayo shemeji haambiwi.

Hospitalini, daktari alimfunga dada bandeji huku akisikiliza kisa chote, kuzoewa na umeme kukiwamo. Kisha akamgeukia Mkono wa Chuma, akamvua kiatu. Kisiginoni kulikuwa na kimsumari cha kubania waya, kimezama chote.

"Ah, hiki ni cha kazi ya Jumanne," shemeji akasema, akifurahi kukiona.

"Na leo Jumamosi, baba. Hukukisikia?"

Akampima sukari. Namba ilipotokea, akapima tena.

"Mwilini nako kuna nyaya, baba. Mguu ukichomwa, habari inapanda kwa umeme kidogo mpaka kichwani. Sukari ikizidi miaka mingi inakula waya na ganda lake. Zile ndefu ndizo zinazoanza kufa: nyayo, halafu vidole vya mikono. Umeme haujakuzoea. Ni wewe usiyepata habari zake."

"Basi nibadilishie waya."

"Hizi haziuzwi. Punguza sukari, tuokoe zilizobaki."

Mtu aliyewagombeza wateja nusu ya maisha yake kwa sababu ya nyaya zilizochubuka akavaa kiatu chake juu ya bandeji mpya ya kisigino. Nilitaka kumcheka, nikashindwa.

Tulitoka mpaka ukingoni mwa barabara. Magari yalikuwa mengi. Shemeji akasimama, mnyonge, macho yake kwenye magari.

"Mama watoto," akasema, "najua umenikasirikia. Lakini nishike basi mkono, tuvuke."

Dada alimtazama, machozi yakamtoka.

"Nimekushika vidole tangu mlangoni kwa daktari."