Mtoto wa Siku ya Mgao

Jumapili nilitoka Peckham hadi Hayes, treni kisha basi, na kitenge kipya mfukoni, kumsalimu mama mmoja aliyekuja kumtembelea binti yake. Nilipokuwa mdogo kule Kongo alikuwa jirani yetu. Alinishika mkono kwa adabu, akasema, "Karibu, mugeni." Hakunikumbuka. Binti yake, mtu mzima kama mimi, alikuwa amelalia bega lake akichezea simu. Rafiki yangu, nakaribia miaka hamsini, kazi yangu ni kutunza wazee wa watu, na nilimwonea wivu yule binti.

Ni wivu wa zamani. Enzi hizo askari wa kigeni walikuwa wameshika mji wetu na kufunga njia za mashambani, basi kila Jumamosi walitugawia chakula uwanjani: unga wa mahindi ya njano, maharage, mafuta ya kopo. Walihesabu vichwa, hivyo mwenye watoto wachache aliazima. Nyanya yangu alipanga foleni ya wazee peke yake, mimi akaniazimisha kwa jirani yetu huyo, na jioni tukaletewa bakuli la unga.

Jirani aliniogesha pamoja na binti yake, akanipaka mafuta miguuni, akatusuka nywele mtindo mmoja ili tufanane. Alitushika mkono, huyu huku, huyu huku. "Leo weye ni mutoto yangu," alisema. "Bakikuuliza mama yako, onyesha mimi." Mama yangu sikuwahi kumjua. Nilitembea nikiringa, wee! Kwenye foleni nilimfinya yule binti mpaka akalia, ili mama yake aone nani ana tabia njema. Lakini jioni nilirudishwa mimi, nikinukia sabuni, yeye akabaki.

Siku moja gari la askari likapita na kipaza sauti: njia zimefunguliwa, kila mtu akalime, mgao umekwisha. Wengine walipiga vigelegele, wengine walishika vichwa. Jumamosi iliyofuata nilijiogesha mwenyewe nikaenda kusimama mlangoni kwa jirani. Alikuwa anamsuka binti yake. Aliniangalia kwa huruma.

"Mugao imeisha, mama. Rudia kwa nyanya yako."

Sikurudi. Nilikaa hapo nje nikitazama mpaka akamaliza kusuka.

Watu wa kwetu tukikutana hapa Landani huusimulia mgao ule kama aibu. Eti tulilishwa kama kuku na watu waliotunyang'anya mji, na heri ulikatwa. Wana haki, nami huitikia. Askari walishaondoka, uwanja nasikia umejaa maduka, na nyanya, aliyenilea vizuri bila kuninyima kitu, tulishamzika. Alinipenda sana. Na siku ile, kama jirani angeniambia niingie, ningemwacha nyanya bila hata kumuaga.