Koti la Posa la Fundi Ngoma

Tharsisi Ndihokubwayo wa Murungu alikuwa fundi ngoma, na kama kuna mtu aliyeijua ngozi ya mbuzi Kibondo nzima, basi ni yeye. Ila aliijua kwa namna moja tu: iliyokazwa. Mimi Isihaka, jirani yake, ni fundi cherehani, najua vitambaa. Mwaka 2013 alipokuja kibarazani kwangu akasema anataka kushona koti la ngozi, nilicheka mpaka uzi ukachomoka kwenye sindano.

"Cheka, fundi," akasema. "Ukimaliza unionyeshe namna ya kukata mikono."

Koti lenyewe lilikuwa la posa. Tharsisi alikuwa amefiwa na mkewe siku nyingi, na moyo wake ulikuwa umehamia Kitanga, upande wa Kasulu, kwa Epifania muuza maharage, naye mjane. Epifania alikuwa tayari. Lakini kwao neno la mwisho lilikuwa la kaka yake, Havyarimana, na Havyarimana alishamfukuza mchumba mmoja kwa kosa la kupiga chafya katikati ya sala. Sasa siku moja sokoni Epifania alimwona kijana wa bodaboda amevaa koti la ngozi, akasema mwanamume akivaa vile, hata akinyamaza anaonekana ana neno. Basi, yakaisha. Tharsisi hakulala tena vizuri.

Ngozi za mbuzi alikuwa nazo. Aliziloweka kwenye maji ya majivu mpaka manyoya yakaachia, akazikwangua kwa kisu butu huku akiimba. Mpaka hapo alikuwa bingwa. Nikamwambia kwamba baba yangu mdogo kule Ujiji alikuwa akitengeneza mikoba, na kwamba baada ya hapo ngozi hulowekwa kwenye maji ya magome ya miti, hupakwa mafuta ya mawese, kisha hufikichwa na kuvutwa kwa mikono mpaka ilainike kama kanga ya zamani. Magome akayakataa, ati yanapoteza muda. Mafuta akakubali. Alifikicha, akavuta, mawese yakamfika viwikoni, na mbwa wote wa mtaa wakawa marafiki zake. Ngozi zikaanza kulegea vizuri.

Hapo ndipo mkono wa fundi ngoma ulipomponza. Ngozi iliyolegea ilimkera. Aliona aibu watu wapite waone ngozi teketeke uani kwake, yeye ambaye ngoma zake husikika kilima cha pili. Asubuhi moja nikamkuta ameziwamba zote juani, amepigilia vigingi pande zote, anazigonga kwa kidole na kusikiliza, uso umejaa furaha.

"Umefanya nini, Tharsisi?"

"Zilikuwa zimelala, fundi. Nimeziamsha."

Mazoea yana taabu. Nilikasirika kweli, maana kuzikata ngozi zile mkasi wangu mzuri uliota pengo. Tulishona kwa sindano ndefu ya fundi viatu, yeye akivuta uzi, mimi nikigomba. Koti lilipokwisha tuliliweka sakafuni, likasimama lenyewe. Akalivaa, akatembea uani amekakamaa kidogo, na lazima niseme ukweli: alipendeza.

Siku ya kwenda kuposa, mshenga nilikuwa mimi. Tulipanda nyuma ya pikapu ya magunia isiyokuwa na turubai. Njiani mvua ikatupiga, fupi lakini ya nguvu, kisha jua likatoka na upepo wa gari ukafanya kazi yake. Na huyu ni mtu ambaye maisha yake yote amekuwa akilowesha ngozi kusudi ikikauka ikaze! Tulipokaribia Kitanga akaniambia kwa sauti ndogo, "Fundi, linanishika." Tuliposhuka hakuweza tena kukunja kiuno, na mikono ilikuwa imesimama mbali na mbavu. Tulijaribu kulivua nyuma ya mgomba, likakataa.

Kwao Epifania, anayekuja kuomba mke huinama mbele ya wakubwa, hupiga makofi polepole, ndipo huinuliwa na kukumbatiwa. Havyarimana alikuwa mlangoni na wazee wa ukoo. Mimi nikainama, nikapiga makofi. Tharsisi akabaki wima.

"Amahoro," akasalimia.

Havyarimana akanigeukia mimi. "Huyu hainami? Mshenga, umetuletea mtu au nguzo?"

Nikafungua mdomo nieleze habari za mvua, nikafikiri jinsi zitakavyosikika, nikaufunga. Tharsisi alijikaza, koti likalia kama mlango wa zamani, lakini hakushuka hata kidogo. Jasho lilimtoka.

"Kwetu anayeomba dada huanza kwa kushuka," akasema Havyarimana. "Rudi naye Murungu."

Macho ya Tharsisi yakajaa maji. Nilimwonea huruma mpaka hasira yangu yote ya mkasi ikaisha.

Epifania akatoka jikoni. Alimzunguka, akamgonga mgongoni kwa kidole. Koti likalia, du! Mzee mmoja akajifanya anakohoa.

"Umelishona mwenyewe?"

"Ego, ndiyo."

"Kwa ajili ya maneno yangu ya sokoni?"

"Ego, Epifania."

"Na sasa halivuliki?"

"Halivuliki."

Akarudi jikoni, akatoka na kisu.

"Kata," Tharsisi akasema kabla hajaulizwa.

Akalipasua mgongoni toka ukosini mpaka chini, kwa mkono wa mtu aliyezoea kuchinja kuku. Mikono ikachomoka. Tharsisi, na shati lake lenye madoa ya mawese, akainama mpaka paji la uso likakaribia udongo, akapiga makofi polepole, moja moja, kama alikuwa ameyaweka akiba njia nzima.

Havyarimana akamtazama dada yake. "Na wewe unasemaje?"

"Kaka, angekuwa mgeni tu, ningemwacha arudi nalo Murungu."

Havyarimana akacheka, akacheka tena, kisha akanyoosha mikono amwinue shemeji yake. Tharsisi hakuona wala hakusikia. Alikuwa bado ameinama, anapiga makofi. Ikabidi nimguse bega, nimwambie ainuke, ameshapewa.